Minazi Ishirini kwa Hema Moja

Siku hema liliposimama kwa mara ya kwanza pale ufukweni Kunduchi, Tunu binti Kondo alibaki mdomo wazi. Na Tunu hakuwa mwanamke wa kuduwaa ovyo. Wakati wa vita vya Hitla manowari ilipita karibu kabisa na kisiwa cha Mbudya, watu wakatoka mbio majumbani, wanawake wakabeba watoto mgongoni tayari kukimbilia vichakani. Tunu aliitazama mara moja tu, akasema, "Haya, na ipite salama," akarudi kwenye chungu chake cha mchuzi. Lakini siku hii, mumewe na vijana aliowaajiri walipovuta kamba kwa pamoja, na lile furushi la turubai lililokuwa limelala mchangani likajiinua, likatanua mabega, likawa nyumba yenye baraza mbele na bafu nyuma, Tunu alishika kiuno kwa mikono miwili.

Minazi yake yote ishirini ilikuwa imo humo.

Minazi hiyo aliachiwa na mama yake, marehemu Bi Mwajabu, aliyefariki Tunu akiwa bado mwari wa ndani. Hakuachiwa kingine, bangili wala mkufu. Maisha yake yote alikula kwa minazi ile: nazi za mchuzi, makuti ya kuezekea, mbata za kumwuzia Mhindi wa duka la barabarani. Harusi ya binti yake aliyeolewa Tegeta, ambaye naye jina lake ni Mwajabu kwa kumfufua bibi yake, ililipiwa na minazi. Sasa ameiuza yote kwa Bakari, kaka yake wa baba mmoja, na thamani yake imegeuka nguo ya kijani iliyofungwa kwa kamba. Upepo ukiichukua, au asipopatikana mtu wa kulala ndani, Tunu atazeeka akiomba nazi kwa jirani.

Chanzo alikuwa mumewe, Mwishehe. Huyu alikuwa mtu wa mahema. Si mwenyeji wa Kunduchi. Alitokea upande wa Maneromango, akiwa kijana wa safari wa Bwana Shauri, yule mzungu mkuu wa wilaya aliyekuwa akitembea vijijini kukusanya kodi na kusikiliza mashauri. Mwishehe ndiye aliyekuwa akitangulia na wapagazi, akisimamisha hema, akitandika kitanda, akichemsha maji ya kuoga. Walipita Kunduchi mwaka wa nzige, akamwona Tunu akichota maji, na safari iliyofuata akaja peke yake na posa. Kazi ile aliendelea nayo bara mpaka alipostaafu, mwaka wa nne baada ya vita, akarudi nyumbani na kanzu tatu nyeupe, kizibao chekundu, na wazo.

"Mama Mwajabu, unawaona wale?" alimwuliza mkewe Jumapili moja. Ufukweni palikuwa na motakaa mbili kutoka mjini, na wazungu wamejilaza mchangani, wekundu kama kamba waliochemshwa.

"Nawaona. Wanajichoma jua bure."

"Ikifika saa kumi na moja watakimbilia mjini. Unajua kwa nini?"

"Wana kwao."

"Kwao joto! Hawana pa kulala hapa, ndiyo sababu. Mie nimewalaza wazungu porini miaka yote hiyo, simba analia nje, wao wanakoroma. Mpe hema, kitanda, chandarua, maji ya moto jioni, na chai asubuhi kabla hajashusha mguu. Mzungu ukimfanyia hivyo haondoki."

"Na atalipa?"

"Hoteli ya mjini analipa shilingi ishirini na ushei, alale na kelele. Sie tutamwambia kumi na tano, na bahari tunampa bure."

Tunu alicheka lile la bahari. Ndipo alipokosea, kwa sababu mwanamke akishacheka amekwisha kubali nusu. Mwishehe alikuwa amepata habari kwamba jeshi linauza kwa mnada vitu vyake vya vita, na miongoni mwake mahema ya maofisa, si yale ya askari ya kuingia kwa kutambaa. Akamhesabia mkewe gharama, wamekaa kwenye mkeka. Hema lenyewe shilingi mia na hamsini, kama Mungu akijalia wasizuke wanunuzi wengi. Kitanda cha mninga na godoro la usufi. Mashuka ya bafta, chandarua, karabai ya kuangazia, beseni la bati la kuogea, vyombo vya udongo vya kizungu. Juu ya hayo samaki, kuku na mchele. Kisha akahesabu mapato: wakija wawili wawili kila Jumamosi, mpaka mvua za masika zifike hema litakuwa limejilipa, na baada ya hapo ni faida tupu. Ilikuwa hesabu nzuri. Hesabu ya kwenye mkeka siku zote ni nzuri.

Bakari alinunua minazi bila kubembelezwa, maana alikuwa akiitamani tangu zamani. Alipomaliza kulipa akamwambia dada yake, "Umeuza mti unaozaa, ununue nguo itakayooza. Haya. Siku ukikosa nazi ya kupikia, njoo, mie ni kaka yako."

Maneno hayo yalimwingia Tunu kama mwiba wa samaki. Lakini maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga.

Basi siku ile hema lilipokwisha simama, Mwishehe alifungua pazia la mlango akamkaribisha mkewe ndani, kwa adabu ileile aliyowakaribishia wakubwa. Tunu alivua ndara. Ndani mlikuwa na nguo ya pili, ya manjano, imeshonwa chini ya ile ya kijani, na jua lililokuwa likiunguza nje lilipopenya humo likawa na rangi ya samli. Ile kanga yake iliyochakaa ikaonekana mpya. Mikono yake mwenyewe ilionekana ya mtu mwingine. Nje bahari ilikuwa ikivuma kama kawaida yake, lakini mle sauti yake iliingia taratibu, kama mtu anayebisha hodi.

"Ndimo walimokuwa wakilala humu?" aliuliza kwa kunong'ona.

"Ndimo."

"Basi ndiyo maana walijiona miungu," alisema Tunu, akatoka upesi, maana alihisi akikaa zaidi atalia.

Hiyo ilikuwa Alhamisi. Ijumaa asubuhi alipokwenda kufagia mbele ya hema alikuta kuku wamefungwa miguu, wamepangwa mstari. Kulikuwa na vikapu vya mayai, mizigo ya kuni, na mitungi ya maji imejaa pomoni. Hapakuwa na mtu. Alipopeleka macho kijijini aliona milango imerudishwa, na vijana wote wenye deni la kodi walikuwa wamekwisha kimbilia porini.

Mwishehe ndiye aliyeelewa kwanza. Akakaa chini akacheka mpaka kofia ikamwanguka. Kunduchi, na si Kunduchi tu, hema lilikuwa na maana moja: Serikali imefika. Tangu enzi za Mjerumani, palipofungwa hema ndipo watu walipopeleka kuku na mayai na kuni na maji, bila kuambiwa, kwa kuwa waliwahi kuambiwa na hawakusahau. Ni kweli kwamba hema halikuwa limeonekana hapo tangu mwaka wa nzige, kwa vile barabara ya motakaa ilipotengenezwa Bwana Shauri alianza kuja asubuhi na kurudi kulala mjini. Lakini wazee walikumbuka, na mkono mtupu haulambwi.

"Mungu ametufungulia," alisema Mwishehe. "Chakula cha wageni chote hiki hapa. Gharama imekwisha."

"Tukianza kula mayai ya hofu," alisema Tunu, "kesho tutakula nini?"

Akajitwika vikapu, akaanza kupita nyumba kwa nyumba kuyarudisha. Hapo ndipo alipokiona cha moto. Mzee Nassibu, mchimba visima wa zamani, aliposikia mayai yake yanarudishwa alikataa kukishika kikapu.

"Yangu yana kasoro gani? Ya jirani yamepokelewa?"

"Shikamoo, babu. Hayana kasoro. Hema ni letu sie, tumelinunua. Si la Serikali."

"Marahaba. Ndiyo, mama, tumesikia." Mzee alimtazama kwa huruma, kama mtu anayemwona mwenzake amelishwa maneno. "Ni lenu. Hivyo ndivyo tutakavyosema na sie."

Kila nyumba ilikuwa hivyohivyo. Nani ataamini kwamba mke wa mtu, binti Kondo waliyemwona akichezea matope, amenunua nyumba ya Serikali kwa nazi? Jumbe mwenyewe, mkuu wa kijiji, baada ya swala ya Ijumaa alikuja amevaa joho na tarbushi, akasimama mbele ya hema tupu, akaliamkia. Mwisho Tunu alichoka kubishana, akawalipa wote kwa bei ya soko, kuku kwa kuku na yai kwa yai, nao wakazipokea senti zile kama mtu anayepokea dawa chungu. Hesabu ya kwenye mkeka ikaanza kuchanika pembeni.

Jumamosi alasiri wageni wa kwanza walifika. Mwishehe alikuwa amewapata Jumapili ya nyuma, akiwapitia waliolala mchangani na kizibao chake chekundu: bwana mmoja kijana wa benki na mkewe, wembamba wote wawili. Tunu aliwatazama wakishuka. Watu wenye nyumba ya mawe na taa za umeme wanakuja kutoa fedha walale nje! Alikuwa amepika samaki wa kupaka na wali wa nazi, na nazi zenyewe alizinunua kwa Bakari, jambo ambalo Bakari hakuliacha lipite bila kulisema.

Yule bibi wa kizungu aliingia ndani ya hema, akasimama palepale Tunu alipokuwa amesimama. Akaweka kiganja shavuni. Akasema neno.

"Anasemaje?" Tunu alimnong'oneza mumewe.

"Anasema hajawahi."

"Hajawahi nini?"

"Hajawahi tu."

Tunu alimpenda saa ileile. Akaona kumbe hakuwa mjinga alipoduwaa. Kile kitu kilikuwa kizito kweli, kinamshika yeyote, wa hapa na wa ng'ambo. Maji ya kuoga yalipelekwa, karabai ikawashwa, chakula kikaliwa mpaka bakuli la mwisho, na Tunu akaenda kulala akiwa na hakika kwamba minazi yake imekwisha anza kuzaa upya.

Asubuhi ya Jumapili alipokuja na sinia la chai alisimama ghafla, vikombe vikagongana.

Ufukwe ulikuwa umejaa watu. Wamekaa mchangani mbele ya hema kwa safu, wanaume mbele, wanawake kando, viatu wamevua. Wengine walikuwa wametoka Mbweni, wengine Tegeta, wengine hata Wazo kule juu. Hakuna aliyekohoa. Walikuwa wamevaa nguo zao za Idi. Kumbe habari ilikuwa imepita usiku kucha: hema limefungwa Kunduchi, na mzungu sasa yumo. Waliokuwa na kesi, na nani hana kesi, walikuja nazo.

Bwana wa benki akafungua pazia, yuko na nguo za kulalia, macho hayajafunguka vizuri. Umati wote ukasimama kwa pamoja.

"Shikamoo, Bwana!"

Pazia likafungwa. Likafunguliwa tena kidogo. Mwishehe alikimbia kueleza, akieleza huku na huku, jasho linamtoka. Mzungu akatoa kichwa akasema kwa Kiswahili chake, "Mimi si Serikali! Mimi watu wa benki!" Na Mzee Nassibu aliyekaa mbele akaitikia kwa kichwa, ameridhika, akawaambia wa nyuma, "Hukohuko ndiko zinakowekwa kodi zetu. Amekuja mwenyewe."

Kabla jua halijapanda sana motakaa ilikuwa imekwisha pakiwa. Walikuwa wamekusudia kukaa siku mbili, walilipia moja. Bibi wa kizungu hakutaka kuondoka, hilo lilionekana, alikuwa akigeuka nyuma kulitazama hema mpaka motakaa ikaingia kwenye minazi. Lakini mumewe alishika usukani kama mtu anayekimbia moto.

Tunu alisimama na lile sinia la chai iliyopoa. Watu hawakutawanyika. Walikuwa wamekaa tena, wametulia tuli, wanangoja. Akataka kuwafokea. Akawa na maneno yote mdomoni, yale ya kuwaambia kwamba wamemla nyama, kwamba minazi yake imeondoka na ile motakaa. Lakini uchovu ulimshinda, akaweka sinia chini, akajitupa kwenye kiti cha kukunja kilichokuwa barazani pa hema.

Hapo ikawa. Mtu akikaa kwenye kiti kile, mbele ya mlango ule, shauri limefunguliwa.

Aliyeinuka wa kwanza alikuwa Bi Somoe. Alikuwa shoga wa mama yake Tunu, mwanamke mkongwe aliyeishi peke yake mwisho wa kijiji na kuuza ukili wa kushonea mikeka. Kila asubuhi Tunu alimwamkia akipita kisimani.

"Shikamoo, Bi Somoe," alisema Tunu. "Rudini majumbani, nawaomba. Hapa hakuna shauri."

"Marahaba, mwanangu. Umekaa kwenye kiti."

"Nimechoka tu."

"Hata wao walikuwa wakichoka. Nisikilize." Kikongwe alijifunga kanga kiunoni vizuri, akapandisha sauti ili wa nyuma wasikie. "Mie nadai minazi ishirini. Ile iliyokuwa shambani kwa marehemu Bi Mwajabu, mama yako."

Mnong'ono ulipita kwenye safu zote. Bakari, aliyekuwa amekaa kati ya wanaume, alicheka kwa nguvu. "Kesi ya nyani kumpelekea ngedere! Bi Somoe, unamshitaki Tunu kwa Tunu?"

"Nimeshamshitaki kwa wengine wote," alisema Bi Somoe.

Akasimulia. Alipoachwa na mumewe, akiwa bado mbichi, Bi Mwajabu alimpokea, akampa kona ya shamba akamwambia, panda chochote, ardhi yangu, mti wako. Ndiyo desturi ya pwani hii, mtoto mdogo anaijua: ardhi ni ya mwenye ardhi, mnazi ni wa aliyeupanda. Akapanda ishirini. Akaimwagilia kwa kichwa, mtungi kwa mtungi, kiangazi kizima, mpaka utosi ukaota sugu. Ilipoanza kuzaa, Bi Mwajabu akafariki. Wajomba wakaja, wakahesabu kila kilichosimama shambani, wakasema vyote ni vya mwari. "Nawe ulikuwa mtoto, umo ndani, unamlilia mama yako," alisema Bi Somoe. "Nilikuwa nije nikuambie nini?"

Mwaka wa nzige hema lilipofungwa, alikwenda. Alisimama mbele ya mlango tangu asubuhi, amebeba kuku. Bwana Shauri alikuwa ndani. Akalisema dai lake lote, kwa sauti, kama anavyolisema sasa. "Kijana wa mlangoni akaniambia, bibi, unajisumbua, Bwana hasikii, nguo ya hema ni nzito, njoo safari ijayo. Nikamwachia kuku. Safari ijayo haikuja. Nikaenda mjini, bomani, karani akanirudisha kwa jumbe. Jumbe akanirudisha bomani. Kijana wa mlangoni mwenyewe yule pale."

Alimwonyesha Mwishehe kwa kidevu. Mwishehe alitazama mchanga.

Mzee Nassibu akainuka bila kuitwa. "Mashimo nilichimba mie," alisema. "Ishirini. Alinilipa kwa ukili."

Akaketi tena. Na Tunu akajua kwamba ni kweli. Kichwani mwake hapakuwa na hata pembe ndogo ya kujifichia. Alimtazama yule mwanamke aliyemwitikia marahaba kila asubuhi ya Mungu, akiwa na njaa mara ngapi, huku yeye Tunu akipita na tenga la nazi kichwani. Mwenye kovu usidhani kapoa. Aibu ilimpanda, lakini juu ya aibu kulikuwa na kitu kikubwa zaidi, kilekile kilichomshika hema liliposimama: mtu anawezaje kubeba haki yake miaka yote hiyo, kimya, bila kuiacha ianguke, na bila kumtukana mtoto wa shoga yake hata mara moja?

Watu wote walikuwa wakimtazama yeye. Angeweza kuinuka akasema hakuna shauri, na hakuna ambaye angemlaumu. Mwishehe alikuwa akimwomba kwa macho afanye hivyo.

"Minazi ni yako, mama," alisema Tunu. Sauti ilimtoka ndogo, akairudia. "Minazi ni yako. Nimeila isivyo haki, na nimeiuza isivyo haki, bila kujua. Chagua sasa. Ukitaka minazi, kesho hema linarudi mnadani, namrudishia kaka yangu fedha yake, na upungufu nitaufanyia kazi. Ukitaka hema, ni lako, na kila kilichomo."

Bakari aliruka juu akapiga kelele kwamba biashara ni biashara, lakini waliokaa karibu walimvuta kanzu akaketi. Bi Somoe hakuharakisha. Aligeuka akaitazama minazi, ambayo kutoka pale vichwa vyake vilionekana juu ya mapaa. Kisha akalitazama hema.

"Minazi nimeitazama inatosha," alisema. "Nipe hema. Nanyi mtalitunza, tutagawana nusu kwa nusu, kama mwenye minazi na mwangalizi wake."

Leo ukiwauliza watu wa pale habari za hema lile, watakuanzia na mambo ya baadaye: jinsi yule bibi wa benki alivyorudi baada ya majuma machache, safari hii na mashoga zake wawili na bila mume, jinsi hema lilivyolipa mpaka Bi Somoe akaezeka nyumba kwa mabati, na jinsi Tunu, kwa nusu yake, alivyokuja kununua la pili. Yote hayo yalikuwa. Lakini mchana ule hakuna aliyeyajua, na Tunu alikuwa amekaa kwenye kiti kisicho chake, ameyeyuka, hana mnazi wala hema.

"Kabla hamjainuka," alisema Bi Somoe, "kaeni hivyohivyo kidogo. Nataka kuingia humo nilale. Nataka kujua."

Mwishehe alimfungulia pazia. Alimfungulia kama alivyowafungulia wakubwa, kwa mkono wa kulia na kichwa kimeinama, kisha akaliteremsha taratibu, na Bi Somoe akafunga kamba kwa ndani. Kitanda cha mninga kililia kidogo. Kikanyamaza.

Nje watu walikaa. Upepo ulikuwa mdogo, bahari imekupwa mbali. Mtoto mmoja huko nyuma alianza kulia akanyonyeshwa. Wanawake wakaanza kunong'onezana habari ya hukumu, polepole sana, mikono mdomoni.

Tunu alimsogelea mumewe, akachuchumaa kando yake. "Ulimwambia kweli hivyo?"

"Niliambiwa niseme. Wote tulikuwa tunaambiwa tuseme hivyo."

"Na Bwana alikuwa hasikii?"

Mwishehe alifikiri. "Wallahi sijui, mke wangu. Mie nilikuwa nalifunga tu. Sikuwahi kulala ndani."

Walikaa hivyo mpaka vivuli vikawa vifupi. Ndipo kamba zikafunguliwa kwa ndani, pazia likasogezwa, Bi Somoe akatoka. Alisimama barazani, mkono mmoja umeshika mlingoti wa hema, macho mekundu. Watu wakainua nyuso.

"Mtoto amelia, akapewa ziwa," alisema. "Bakari amelalamika moyoni mpaka nikasikia anavyovuta pumzi. Nawe Mwishehe, umesema hukuwahi kulala ndani."

Akauachia mlingoti, akawageukia watu wote.

"Kinasikika kila kitu, jamani. Hata anayejikuna. Kumbe walikuwa wanatusikia."